Kitambaa Kikae Ndani

Tumsifu Yesu Kristo. Ndugu zetu Waislamu, asalamu aleikum. Na nyie mlioketi benchi la nyuma, mlio kwenye wiki za kwanza za dawa na hamna pumzi ya kuitikia, msijisumbue. Benchi hilo nalijua. Lina mguu mmoja mfupi, na ukikohoa linakohoa na wewe. Nimelikalia miezi miwili bila kuitikia salamu hata moja na hakuna aliyenidai.

Mwenyekiti kanipa robo saa. Nilianza kwa kuomba saa nzima, kwa hiyo msimwonee huruma, tumekutana pale pale nilipotaka.

Wengi mnanifahamu kwa suruali. Nauza mitumba ya wanaume hapa mjini, na siku za mnada nilikuwa napeleka mzigo hadi Laela. Katika kazi hii futi haihitajiki. Mtu akiwa bado anavuka barabara mimi nimeshamaliza: huyu thelathini na nne, yule atasema thelathini na mbili lakini anajidanganya. Na kila nguo naikagua mara mbili, nje na ndani, kwa sababu nguo ya mtumba inasema uongo kwa nje na ukweli kwa ndani. Hilo likumbukeni, nitalirudia.

Mimi mwenyewe nilikuwa kiuno thelathini na sita. Nilikuwa naishi Milanzi na mama yangu mzazi, wawili tu. Mke alikuwa ameshaondoka, na hiyo ni hadithi ya siku nyingine, nayo si nzuri.

Kikohozi kilipoanza nilisema ni vumbi la marobota. Jasho la alfajiri nikasema ni blanketi zito. Suruali ilipoanza kuteremka, hapo sikusema kitu. Nilichofanya ni kuchagua thelathini na nne nzuri kwenye meza yangu mwenyewe nikaivaa, nikapendeza. Baada ya wiki chache nikachukua thelathini na mbili. Ndugu zangu, nawaambia, mtu anayekonda katika nguo zilezile anaonekana mgonjwa, lakini mtu anayekonda huku nguo zinamkaa anaonekana amepata pesa. Mteja mmoja akaniambia, "Bosi, siku hizi unavaa za vijana."

"Nimefunga," nikamjibu.

"Kwaresima si imeisha zamani?"

"Mimi nilichelewa kuanza."

Akacheka, akanunua mbili. Nikamwongezea na soksi, kwa furaha ya kudanganya vizuri.

Halafu ukaja mwezi wa sita, na baridi ya Sumbawanga ni rafiki mkubwa wa mtu anayeficha. Ukivaa bukta, suruali, suruali nyingine juu yake, sweta mbili na koti, nani atakuuliza? Mji mzima umevaa hivyo. Nilikuwa natoka nyumbani mnene na kurudi mnene, na katikati yangu alikuwepo mtu mwembamba anayetetemeka ambaye hakuna aliyemwona. Niliendelea hivyo miezi mitano. Nimehesabu mara mbili, ni mitano.

Ikafika siku sikuweza kuinua robota. Nikafunga meza. Sasa hakukuwa na thelathini ya kuchagua, wala ishirini na nane. Zilibaki suruali zangu tatu za zamani, kubwa, kila moja inanitosha mimi na jirani. Nikachukua mkasi. Sikuwahi kuwa fundi, ila nguo za watu nimezifumua vya kutosha kujua zinavyoungwa. Nikakata kiuno cha kwanza, nikatoa kipande kama kiganja kila upande, nikashona kwa mkono. Ya pili vilevile. Zilinikaa. Vipande nikampa mama jikoni, vilikuwa kitambaa kizito kizuri.

Jumapili moja baada ya Misa nilikuwa uani na ile ya tatu, ya kahawia, iliyokuwa nzuri kuliko zote. Mama akatoka jikoni.

"Unafanya nini, baba?"

"Nakata kinachozidi."

"Kinamzidi nani?"

"Kinanizidi mimi, mama."

"Na zile mbili, ulizikata?"

"Nilizikata."

"Vipande viko wapi?"

"Si nilikupa vya kushikia sufuria."

Akaangalia mkononi mwake. Alikuwa navyo. Wiki mbili nzima mama yangu alikuwa anaipua ugali kwa kiuno cha mwanawe. Akaviweka chini taratibu, akachukua mkasi wangu, akaukalia. Sitanii, aliketi juu yake kwenye kigoda, na kwa muda wote tuliokaa pale hakuinuka.

Aliyoyasema aliyasema kwa Kifipa, na nikiyatafsiri yanapungua uzito, lakini ni haya: "Anayekata ni anayejua kwamba hatarudi kwenye mwili wake. Wewe umejuaje? Nani kakupima?"

Mimi ndiye ninayepima mji mzima. Hakuna aliyekuwa amenipima.

Basi akanionyesha. Alikuwa na uzi mmoja wa kijani, kijani cha kupiga kelele, aliununua kwa ajili ya vitambaa vya kochi. Akageuza suruali ndani nje. Akakunja kitambaa kwa ndani, hakukikata, akakilaza kikalala, akapitisha mshono mrefu mrefu ambao ukiuvuta unatoka wote. "Kitambaa kikae humo ndani," akasema. "Utakihitaji." Ule wa kwanza akaushona yeye, kwa mkono wake. Juu yake akaniachia nishone wa pili na wa tatu, kwa sababu mmoja haukutosha. Mistari mitatu. Mishono yangu ilikuwa mibaya kama njia ya mbuzi, na wa kwake ulinyooka.

Hakuniambia utapona. Hakunifariji hata kidogo. Asubuhi yake aliniamsha, akaniambia nivae suruali ya kahawia, moja, bila nyingine juu yake, nitembee nayo hadi kituo cha afya ili watu wanione nilivyo. Nilitembea. Walioniona waliniona. Makohozi yakapimwa, ikawa kifua kikuu.

Sasa nifike mahali ambapo ningependa mwenyekiti aseme muda umekwisha. Hasemi.

Nesi aliyenipokea alikuwa mtu wa upole. Akafungua daftari akaniuliza, "Kaka, unaishi na nani nyumbani?"

Mimi nikafikiri. Nikifikiri huwa nafikiri kama muuza suruali: nikisema hili nitapoteza nini. Niliona mhudumu wa afya anakuja Milanzi na begi lake mchana kweupe, anabisha hodi kwetu kumpima mama. Niliona wanakwaya wenzake na mama wanajitenga naye kwenye benchi. Nikaona nampunguzia mama aibu. Nikamjibu, "Naishi peke yangu."

"Peke yako kabisa?"

"Kabisa."

Ninahesabu kila kitu mara mbili, ndugu zangu. Vifungo nahesabu mara mbili. Watu wa nyumbani kwangu walikuwa wawili, na mara mbili nzima nikamhesabia mmoja.

Nikaanza dawa. Wenzangu mnajua zilivyo, sina la kuongeza. Mwezi wa kwanza niliona nakufa vizuri zaidi kuliko mwanzo. Mwezi wa pili nikasikia njaa. Mwezi wa tatu suruali ya kahawia ikanibana tumboni nikiwa nimekaa, na mama akanipa wembe. Nikavuta uzi wa kijani, mshono wangu wa juu ukatoka wote kama alivyosema, na kitambaa kikarudi. Kilikuwa kimehifadhi rangi yake ya zamani. Pale palipokuwa pamekunjwa palikuwa papya kuliko sehemu nyingine yote. Mama akapitisha kidole kwenye vitundu vya sindano, akasema, "Mmoja."

Mwezi wa nne nikafumua wa pili. "Miwili," akasema, akageuka akakohoa. Nikamuuliza. Akasema kuni mbichi. Na kuni zilikuwa mbichi kweli, mimi ndiye niliyezinunua, nilipunguziwa.

Nilimwona mara nyingi ameketi dirishani na sindano na ule uzi, gauni mapajani. Nilijua anaziba matundu. Nilimwona ameacha kwenda kwaya, akasema baridi. Alivaa gauni, sweta, kitenge kiunoni, kitenge mabegani. Jicho langu linalopima kiuno cha mtu ng'ambo ya barabara lilikuwa linakula naye meza moja kila siku, halikuona kitu. Nguo zilimkaa.

Siku aliyoshindwa kusimama nilimbeba mgongoni hadi barabarani. Hapo ndipo nilipojua uzito wake. Alikaa wodini siku nne, na ya nne ikawa ya mwisho.

Nesi yule yule alikuja. Alimtazama mama, akanitazama mimi. "Kaka, uliniambia unaishi peke yako."

Nikamwambia, "Sasa ni kweli."

Sikusema kwa ukali. Ndiyo maneno niliyokuwa nayo.

Baadaye alinikalisha akaniambia hakuna anayeweza kujua nani alimwambukiza nani, huenda yeye ndiye alianza, huenda wote tulipata kwingine. Namshukuru. Lakini mimi ni mfanyabiashara, mtu akinipunguzia bei najua.

Tulipoanua matanga, shangazi zangu walitandika mkeka wakatoa nguo za marehemu zigawiwe ndugu, kama tunavyofanya. Magauni saba. Nikahesabu, nikahesabu tena, saba. Mikono yangu ikafanya ilichozoea bila kuniuliza: ikachukua gauni la bluu, lile la kanisani, ikaligeuza ndani nje kukagua.

Uzi wa kijani. Mstari mmoja, na ndani yake mwingine, na ndani yake mwingine. Mishono mirefu mirefu, imenyooka. Nikageuza gauni la pili. Mitatu. La tatu, mitatu. Shangazi mkubwa akaniuliza, "Unatafuta nini humo, baba?" Nikamwonyesha. Akashika mdomo, akayakunja yote, ugawaji ukasubiri.

Alikuwa ananifundisha mimi na anajishonea yeye, uzi uleule, mwezi uleule. Labda aliona nimeanza kupona akaogopa kunirudisha nyuma. Labda naye alihesabu wagonjwa wa nyumba yetu akapata mmoja. Sitajua. Ninachojua ni kwamba katika magauni saba hakukuwa na hata moja lililokatwa. Kitambaa chote kilikuwa humo, kimelazwa vizuri. Mtu aliyekata tamaa angekata. Mama yangu alikuwa anategemea kurudi, ndugu zangu, na alikuwa hana wa kumwambia nenda asubuhi, vaa moja, wakuone.

Nilimaliza dawa peke yangu, na safari hii nesi alipouliza jibu langu halikuwa na shida. Uzito ulirudi. Suruali ya kahawia ilibaki na mstari mmoja, ule wa kwanza, wa mkono wake. Ulinikata kiunoni majuma matatu, na mimi sikuufumua. Nikawa natembea mjini nimefungua kifungo cha juu, nimefunika kwa shati. Nilikuwa naficha tena. Siku nilipojigundua hilo nikakaa uani, kwenye kigoda chake, nikachukua wembe. Ulitoka wote kwa mvuto mmoja. Uzi ule ninao.

Kisha nikachukua yale magauni, moja moja, nikayaachia yote hadi kwenye kipimo chake cha zamani, ndipo yakagawiwa. Sikutaka yatoke nyumbani yakiwa yamesinyaa. La bluu limevaliwa leo humu ukumbini. Aliyelivaa simtaji, lakini nikisimama hapa naona vitundu vya sindano ubavuni, na linamkaa.

Namshukuru Mungu aliyeniacha hai, ingawa kwa hesabu yangu alikosea wa kumwacha. Namshukuru nesi, ambaye tangu siku ile hajanirudishia tena lile neno la peke yangu. Nawashukuru shangazi zangu walionilisha bila kuniuliza maswali hadi nilipokuwa na majibu. Nakishukuru kikundi hiki na benchi lake bovu.

La kuwaachia ni moja. Mtaulizwa mnaishi na nani. Msijibu haraka. Rudini nyumbani kwa mawazo, piteni chumba kwa chumba, jikoni, dirishani, hesabuni, halafu hesabuni tena. Na mkifika nyumbani leo, wale mnaowapenda ambao nguo zao bado zinawakaa vizuri mno, geuzeni hizo nguo mtazame ndani.

Nyie wa benchi la nyuma, naona mmefunga suruali kwa kamba na wengine mmevaa mbili mbili. Nawaona, jicho limerudi kazini. Tukimaliza nifuateni pale pembeni niwapunguzie, bila malipo, na msianze kubembeleza kwa sababu chini ya bure sina pa kushuka. Nimekuja na sindano na uzi wa kijani. Mkasi nimeuacha nyumbani.