Piga ya Pili

KITWA: Haloo? Haloo, njo nani?

MBIYA: Haloo! Jambo, Shefu.

KITWA: Jambo, baba. Shefu gani? Weye njo nani?

MBIYA: Shefu ya koti ya mistari na— (rezo ya simu inakwaruza) —ao ulisahau sauti yangu?

KITWA: Sauti siijue, namba pia siijue. Kama njo benyewe ba juzi, ba kusema televizyo inataka kunipatia zawadi, eti nibasomee namba ya siri ya simu, mukate simu yenu. Minyi niko muzee, hapana mujinga.

MBIYA: Kitwa. Minyi njo Mbiya.

KITWA: Mbiya gani?

MBIYA: Mbiya Teleza! Weye Shefu, minyi Teleza, boyi yako. Kila siku ya Mungu, mangaribi, ku televizyo. Weye unanituma, minyi naanguka.

KITWA: Mbiya alikufaka.

MBIYA: Nani alikuambia?

KITWA: Bantu bote banajua.

MBIYA: Banajua juu weye njo ulibaambia! Mujukuu yangu Glodie alinionyesha video yako mu simu yake. Unakaa ku kiti, miwani nyeusi, unasema, "Mwenzangu Teleza, Mungu amupumuzishe." Nilikuwa nakula, Kitwa. Bukari ikanikwama.

KITWA: Iyo video kila muntu aliiona. Hata mwizi iko na simu.

MBIYA: Basi uniulize.

KITWA: Nitakuuliza. Filme yetu ya kwanza, ile Padiri ya ndevu alitupigaka picha. Nilianguka na kinga mara ngapi?

MBIYA: Weye? Weye ulikaa nyuma ku baiskeli, na kofia yako, unanichapa na fimbo nikanyage mbio. Minyi njo nilianguka. Mara kumi na ine! Padiri alisema jua haiko muzuri, turudie. Kiisha akachukua ile ya kwanza.

KITWA: (anacheka kidogo) Iyo... iyo pia nilisemaka ku radio.

MBIYA: Ulisema ku radio kama minyi njo nilianguka?

KITWA: ...Nilisema njo minyi.

MBIYA: Aa.

KITWA: Hapana "aa". Bado sikuamini. Kama uko Mbiya, unajua mambo ya kiganja.

MBIYA: Nitakosa kujua je? Kuanguka yetu ilikuwa ya nguvu, bantu banacheka, hakuna mwenye anaweza kujua kama muntu ameumia. Njo maana kila mara niko chini, napiga kiganja. Mara mbili: niko muzima, tuendelee. Mara moja: nimeumia kweli, Shefu, acha muchezo, kuja uniinue.

KITWA: Nani alikufundisha?

MBIYA: Weye. Mu salle ya michezo ya bantu ba kazi ya treni, tulikuwa bado hata televizyo hatuijue. Ulisema, "Bantu benye kutazama basijue, sisi babili tu."

KITWA: Kabedi! Punguza radio, mama! —Njo binti yangu. Sikia. Nauliza ya mwisho, kiisha nitakata ao nitalia. Siku Mbiya alipanda treni, hapa ku gare ya Kamina, mwaka ya makumi kenda na tatu, wakati balifukuza bantu ba Kasai kama yeye. Alivaa nini?

MBIYA: Koti.

KITWA: Ya nani?

MBIYA: Yako. Koti ya Shefu, ya mistari. Ilikuwa kwetu juu bibi yangu alikuwa anashona mufuko yake. Nikaona heri niivae kuliko baichome pamoja na nyumba.

KITWA: Mbiya... Njo weye. Njo weye kabisa! Kabedi, kuja usikie—

MBIYA: Ngoja.

KITWA: Ndugu yangu, Mungu yangu, niliku—

MBIYA: Ngoja, nasema! Koti, weye uliijua je?

KITWA: Je nini?

MBIYA: Uliniandikiaka barua. Moja tu. Ulisema siku ile ulikuwa Bukama, kununua samaki. Eti uliporudi ulikuta tumeenda.

KITWA: Ee, Bukama...

MBIYA: Koti niliivaa ile asubui, mara ya kwanza. Ikapasuka pale pale ku gare, nikaiacha. Muntu mwenye alikuwa Bukama hawezi kuijua.

(rezo inakwaruza)

KITWA: Haloo? Haloo, sikusikie.

MBIYA: Unanisikia.

KITWA: Rezo iko mubaya, Mbiya, utaita kesho—

MBIYA: Kitwa!

KITWA: ...Nakusikia.

MBIYA: Ulikuwa wapi?

KITWA: Nyuma ya bamama ba mikate. Pale pa ukuta.

MBIYA: Uliona vile balinisukuma?

KITWA: Niliona.

MBIYA: Toka mulango ya wagon, mugongo ku majiwe. Na bantu bakacheka! Hapana bale tu benye kutufukuza. Hata benzetu, mizigo ku kichwa, batoto ku mugongo, bakacheka. Teleza ameanguka, na koti ya Shefu! Banafikiri ni muchezo—

KITWA: Nyamaza, Mbiya.

MBIYA: Nikapiga chini. Mara ngapi?

KITWA: Ndugu, nakuomba—

MBIYA: Mara ngapi?

KITWA: Moja.

MBIYA: Miaka yote hii nilikuwa najiambia, Kitwa hakukuwa pale. Angekuwa pale, angekuja. Na minyi nilianza kukuzania vibaya leo tu, juu ya ile video. Nikasema, muntu mwenye kuniua vile na mudomo, iko anaogopa niseme nini?

KITWA: Nilingojea ya pili. Nilisema mu roho, sasa atapiga ya pili. Benzako bakakubeba mu wagon, treni ikaenda. Nilikuwa na woga, Mbiya. Ningekuinua mbele yao, bangesema niko muntu wako. Njo woga tu, siko na neno ingine.

MBIYA: Na ku televizyo ukatwaa mwengine.

KITWA: Batatu. Hakuna mwenye alijua kuanguka. Nikabaki peke yangu na kiti, minyi Shefu njo naanguka! Napiga kiganja mara mbili, hakuna wa kusikia. Bantu bakiniuliza Teleza iko wapi... kusema alikufa ilikuwa rahisi kuliko kusema ile ingine.

MBIYA: Rahisi kwako.

KITWA: Ee. Kwangu.

MBIYA: Inite za simu zinaisha. Nasikia inalia.

KITWA: Uko wapi? Sema mbio!

MBIYA: Mwene-Ditu, kwa Glodie, karibu na gare. Sikukuita juu unihurumie.

KITWA: Na mugongo?

MBIYA: Niko muzima.

KITWA: Mbiya. Mugongo?

MBIYA: Niko muzima, nasema! Asubui Glodie ananiinua, mangaribi Glodie ananilalisha. Katikati hapa natazama mulango. Basi.

KITWA: Iyo njo muzima?

MBIYA: Unaona, hata leo hauamini mudomo yangu. Basi usikie na masikio. Niko chini, ku mukeka, saruji iko hapa karibu. Sikia vizuri, Shefu—

(pa!)

KITWA: Moja.

(kimya)

KITWA: Haloo? Mbiya, ya pili. Piga ya pili, nasikiliza. Mbiya! Piga ya—

(tii, tii, tii)

KITWA: Kabedi! Kabedi, acha sahani! ...Hapana, hapana mwizi. Endesha kinga mbio ku gare, uulize treni ya Mwene-Ditu inatoka siku gani. ...Sijue, mama! Pengine alipiga ya pili, inite zikakata katikati. Pengine hakupiga. Minyi siingojee tena. Nipatie viatu.