Maji Yaliyowekewa Sufuri

"Chemchemi haina faida," Mutahi alikuwa akimfokea dada yake. "Ati tunyweshe ng'ombe wa kijiji kizima cha Chaka bure mpaka lini?"

"Na wewe ulipozaliwa ulioshwa na nini, soda?" Wamucii akamjibu.

Mama yao, Waithira, akagonga ukingo wa kitanda kwa pete yake mpaka wakanyamaza. Nje, tajiri wa shamba la maua aliyetaka kuinunua chemchemi yao alikuwa ameegemea gari lake, anangoja jibu.

"Sikilizeni wanangu, maana pumzi niliyobaki nayo si ya kuamulia magomvi. Miaka yangu yote serikalini, uchumi niliosomea ulikuwa na kazi moja: kupima thamani ya misitu na mito, ili wakubwa wajue wanachokata kabla hawajakata. Niliupanda mlima huu kwa miguu, nikawauliza wanawake wa Kieni huenda wapi kijito kikikauka, nikaandika. Mkubwa wangu akasoma, akacheka. Mbao akazitilia bei, na penye maji akaweka sufuri, kwa sababu ati maji hayana risiti. Msitu ukaanguka, kijito kikaufuata, naye akajigawia shamba palepale. Nilidhani sufuri ile nimeiacha ofisini, kumbe kikulacho ki nguoni mwako: leo naisikia kwa mtoto niliyemnyonyesha.

"Wazee wameniambia niache kirumi, ile laana ya mzazi anayekufa inayofunga ardhi isiuzwe. Sitaki. Laana hulinda kwa woga, na woga huisha. Nataka muelewe. Chemchemi ikitiwa bomba la kwenda kwenye maua, majirani wote wa bondeni watauza mifugo wahame, na wewe Mutahi utabaki bwana wa vumbi.

"Ng'ombe ni wa Wamucii. Nyumba ni ya Mutahi. Chemchemi ni yenu wote wawili, na msiizungushie ua. Yule mkubwa wangu akija mazishini, mpeni chai, lakini asihutubu... Niinueni kidogo. Hapo. Mungu awape mvua kwa wakati wake... awape watoto wasikivu kuliko nyinyi. Sasa, Mutahi... wewe ndiye uliyemleta huyo tajiri wa maua. Kamjibu."

Mutahi akafungua mlango. "Bwana, mama amekataa."

"Sivyo," sauti ikatoka kitandani, nyembamba kama uzi. "Mimi nakufa. Atarudi... mkishanizika."

Mutahi akashika mwimo wa mlango, macho chini. Kisha akakiinua kichwa.

"Tumekataa sisi," akasema. "Usirudi."