Mkanda Niliomfunga Binti Yangu

Wapendwa, nimesimama. Mnaonijua mnajua mimi ni mtu wa cherehani, si mtu wa kipaza sauti, na nikiona watu wengi hivi natamani kurudi kwenye benchi langu. Lakini leo nimekataa kukaa. Kuna kitu nimekiona kwenye ngozi ya mtoto wangu, na siwezi kukaa nacho peke yangu.

Huyu binti yangu, mnayemwona kwenye kiti chake cha magurudumu, alizaliwa hapa Johannesburg, akachelewa kulia. Wamama mnajua maana yake. Shingo haikukaza, mikono ikakakamaa, na kumeza kukamshinda. Uji niliompa nusu ulikwenda tumboni, nusu mapafuni. Miaka miwili kazi yetu ilikuwa nimonia. Mwaka 2016 madaktari wakasema: tutamtoboa tumbo kidogo, tuweke mrija, chakula kipite hapo moja kwa moja. Mume wangu alikubali saa ile ile. Mimi nilitia sahihi huku nalia.

Wakamtoboa. Ndani mrija umeshikwa na kiputo kinachojazwa maji, nje kuna kisahani cha plastiki kinachokaa juu ya ngozi. Tukafundishwa: osha hivi, kausha hivi, na ukichomoka kimbieni hospitali wakati huo huo. Mimi nikawa namwitikia muuguzi, "Yes, sista. Yes, sista." Mnatujua sisi na yes zetu.

Tulipofika nyumbani, mtaa wetu wa Bertrams, nikaona aibu. Niseme ukweli? Nilikuwa nawaogopa nyinyi. Niliogopa mtu aseme, huyu mama amemkosea Mungu nini mpaka mtoto wake anakula kwa tumbo. Nikauficha mrija. Tena nikafikiri kama mama wa Uvira, kule Kongo. Kwetu mwanamke akizaa anafungwa tumbo na kitenge, linakazwa kila siku mpaka lirudi. Mimi mwenyewe mama yangu alinifunga hivyo kwa uzazi wangu wa kwanza. Nikajiambia, tumbo la mtoto limefunguliwa, nani atalifunga kama si mimi? Nikachukua kitenge kizuri, nikatia sponji ndani, nikashona mkanda wa vifungo vinne. Ndugu zangu, ulikuwa mkanda mzuri! Msicheke, ulikuwa mzuri kweli. Kila asubuhi nilipaka mafuta ya upako, yale yale tunayoyaombea hapa, nikayapaka mengi kuzunguka shimo, halafu nikakaza mkanda juu yake.

Siku ya kliniki nilifungua mkanda ndani ya teksi na kupangusa mafuta na kitambaa. Sista akiuliza, "Mama, unapaka nini hapa?" najibu, "Maji tu." Hapa kanisani naficha mrija, kule kliniki naficha mafuta. Nilikuwa na kazi nyingi mimi.

Ngozi ikaanza kuwa nyekundu. Ikatoa maji. Ikachubuka, pana kama kiganja changu, na pembeni mwa shimo kikaota kinyama chekundu kinachotoka damu ukikigusa. Mtoto akawa analia nikishika tu kifungo cha kwanza, kwa sababu anajua kinachofuata. Na kadiri ilivyoharibika nilizidisha mafuta, nikakaza zaidi. Nikawa namuuliza Mungu kwa nini mwili wa mtoto huyu unakataa kupona.

Sasa sikilizeni. Jumapili moja asubuhi, mwezi wa tano tangu mtoto atobolewe, nafungua mkanda na mrija unabaki ndani ya kitenge. Umetoka wote, kiputo kimenywea. Natazama tumbo, shimo limekuwa dogo, linajifunga! Mnafikiri nilikimbia hospitali? Nilipiga magoti. Nikasema Mungu ameukataa mrija, ameufukuza kwa mkono wake. Mume wangu alikuwa kazini, analinda jengo huko Joubert Park, hakuwepo wa kunizuia. Nikamvalisha mtoto gauni jeupe, nikaja hapa hapa, nikakaa benchi la mbele kungoja nafasi ya ushuhuda. Ndiyo, wapendwa. Nilikuja kushuhudia muujiza.

Kabla sijaitwa, mtoto akalia njaa. Saa ya maziwa yake ilikuwa imepita. Nikasema moyoni, si amepona? Nikampa kijiko kimoja cha maziwa mdomoni. Akapaliwa. Midomo ikabadilika rangi, macho yakapanda juu. Mama mmoja wa mapokezi, nimeahidi sitamtaja, akamnyanyua, akamlaza kifudifudi kwenye mkono wake, akampiga mgongoni mpaka pumzi ikarudi. Halafu akafunua gauni akaona tumbo. Hakunikemea. Akaniambia tu, "Mama, ushuhuda utangoja. Mrija uko wapi?"

Ulikuwa nyumbani, ndani ya mkanda. Tukaupitia na gari la shemasi mmoja. Kila taa ya robot tuliyofika barabarani ikawa nyekundu. Nimeukamata ule mrija kwenye mfuko wa plastiki, na sasa maneno yote niliyoyaitikia yes, sista yananirudia: shimo likijifunga, mtoto anapasuliwa upya, na mapafu yake daktari alishasema hayawezi kuvumilia dawa ya usingizi kila mara. Ningeweza kumpoteza kwa sababu ya muujiza wangu.

Hospitalini daktari akajaribu mrija wa saizi ile ile. Haukuingia. Akachukua mwembamba. Haukuingia. Akachukua mwembamba zaidi, akausukuma polepole, mtoto anapiga kelele, mimi nimeshika miguu yake nasema Bwana, Bwana, sina neno lingine. Ukapita. Wakahakikisha kweli umefika tumboni. Nikakaa chini sakafuni.

Pale sakafuni nikamwambia sista yote. Mafuta, mkanda, uongo wa maji tu. Nikangoja anitukane. Akasema, "Eish, mama." Akavuta kiti, akakaa karibu nami.

"Unajua kilichomchoma? Maji ya tumbo lake mwenyewe. Yale yanayosaga chakula. Ndani, tumbo lina kinga yake. Ngozi ya nje haina. Mkanda wako uliulaza mrija upande mmoja, shimo likalegea, maji yakavuja, na sponji ikayashikilia juu ya ngozi kutwa nzima. Mafuta nayo yanafanya kisahani kiteleze, mrija unacheza ndani na nje."

Nikauliza, "Lakini sista, shimo lilianza kujifunga. Hilo ni nini?"

Akacheka kidogo. "Huo ndio mwili, mama. Saa chache tu bila mrija, unaanza kuziba. Kila siku unataka kupona. Sisi ndio tunauomba usubiri."

Ndugu zangu, hebu fikirini. Miezi yote ile nilisema mwili wa mwanangu unakataa kupona, kumbe ulikuwa unapigania kupona chini ya mkanda wangu, kila siku, na mimi nauzuia. Niliogopa, lakini kwa ile hofu njema, ya mtu aliyeona kazi ya Mungu kwa karibu.

Tukaanza upya. Maji ya uvuguvugu na sabuni laini. Kukausha kwa kugusagusa, si kusugua. Krimu ya zinki, nyembamba tu. Kisahani kikae karibu na ngozi bila kuibana, mrija usimame wima, na maji ya kile kiputo tuyapime kama walivyotufundisha. Kinyama chekundu sista alikitibu mwenyewe. Mengine yote yalikuwa hewa. Hewa tu! Siku ya tatu majimaji yakakauka. Kisha nikaona ngozi mpya, nyembamba, inaingia kutoka pembeni kwenda katikati, kila asubuhi imesogea kidogo. Miaka yote nashona, lakini sijawahi kuona kitambaa kinachojishona chenyewe. Nilikuwa namwita mume wangu aje atazame. Anasema, "Nimeshaona jana." Namwambia, "Ya jana si ya leo, njoo."

Kwa mchungaji nilikwenda kumwambia mafuta yetu yamemdhuru mtoto. Akafikiri, akasema, "Mama, mpake kwenye paji la uso. Pale sista hatagombana nasi." Namshukuru. Namshukuru yule sista aliyekaa kitini badala ya kunifukuza. Namshukuru mama wa mapokezi, na shemasi, na mume wangu ambaye sasa anaosha lile shimo vizuri kuliko mimi.

Ninalowaomba ni hili moja. Ukiwa na mgonjwa, usigawanye ukweli, huku nusu na kule nusu. Waombaji wajue anachotibiwa, na wauguzi wajue unachompaka.

Sasa saa yake ya kula imefika, na leo siendi kujificha naye chooni kama zamani. Nitamlisha hapa, mbele yenu. Anayetaka kuona ngozi yake asogee, tena leteni na watoto. Njooni mtazame alichofanya Mungu. Ila mnawe mikono kwanza.