Benita Nabintu, Aliyeitwa Fundi wa Seli

Mchungaji, majirani, na nyote mlioacha shughuli zenu kuja Kensington kutushika mkono, mimi ni Gaston, mdogo wake marehemu, familia imenituma niwasomee maisha yake, na kuna mahali nitasoma nikiwa nimeinamisha macho, mtanivumilia.

Dada yetu Benita Nabintu alizaliwa Bukavu tarehe 14 Machi 1984, mtoto wa kwanza wa marehemu baba yetu François na Mama Célestine mnayemwona hapa mbele, akasoma huko huko hadi diploma ya serikali ya kumaliza sekondari mwaka 2003, na mwaka 2007 tukahamia Johannesburg, ambako alisoma biolojia chuo kikuu huku akisuka nywele za watu jioni.

Februari 2015 aliajiriwa kwenye maabara ya utafiti, kazi yake ikiwa kuchunguza namna chembe ndogo za mwili zinavyopokea ishara kutoka nje, na namna ishara hiyo inavyoziamrisha nyuzi za ndani, ambazo ndizo kama mifupa ya chembe, zijengeke mbele na kubomoka nyuma, hadi chembe inajivuta na kutembea, ikaenda kuziba kidonda, au, ishara ikiharibika, ikaenda kupanda ugonjwa pasipo pake. Haya tumeyajua juzi, hapa matangani, kwa kuambiwa na wenzake wa kazini, na ni aibu yetu.

Yeye alimwambia mama kwamba anachunguza signali za seli, na kama angesema cellule, yaani chembe ya mwili kwa Kifaransa, kama tulivyofundishwa Bukavu, tungeelewa, lakini alitamka kama wanavyotamka kazini, na kwa sisi wa Joburg seli ni simu, basi Jumapili iliyofuata mama akatangaza kanisani kwamba binti yake ni fundi wa simu, nanyi mkamletea zenu zilizopasuka vioo, naye, kwa kutotaka kumwaibisha mama mbele ya watu, akazipokea, akawa anazipeleka Newtown kwa ndugu Bakiri, fundi mwenyewe hasa, ambaye yuko nasi na ndiye aliyetusimulia.

Alifunga ndoa na shemeji yetu Pacifique, mlinzi huko Randburg, tarehe 10 Desemba 2016, wakajaliwa mtoto mmoja, Joël, aliyezaliwa tarehe 2 Februari 2018.

Oktoba mwaka huo aligundulika na saratani ya ziwa, akamwapisha mumewe asiseme, kwa kuhofia presha ya mama. Aprili 2019, akitoka hospitali, alijikaza akampigia mama, akamwambia seli zimehama, yaani ugonjwa umesambaa mwilini, na mama, akidhani amebadili mtandao, akamjibu, "Eish, basi unipatie namba mupya." Dada akasema ataituma, na hakujaribu tena. Sisi tulifika kitandani akiwa hawezi kusema, akafariki tarehe 19 Juni 2019.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani wa Randburg waliompikia mtoto, wenzake wa maabara waliotufundisha kwa upole tulichopaswa kumuuliza wenyewe, na ndugu Bakiri aliyemtunzia siri.

Dada, mama alitaka kusema mwenyewe, ameshindwa, anaona haya hata kukutazama, amenituma nikuambie kwamba lau angeelewa, angekuja siku ile ile, hata kwa miguu. Pumzika kwa amani.