Mahfoudh bin Thani na Daftari la Upepo wa Matrah

Haya ni maisha ya Mahfoudh bin Thani, tuliyemzika juzi Alkhamisi. Yameandikwa na mama yake, Bibi Mahbuba, na yanasomwa na mjomba wake hapa hitmani, Matrah, leo tarehe 21 Februari 1970.

Marehemu alizaliwa Ijumaa, 14 Machi 1941, Malindi, Unguja, mtoto pekee wa wazazi wake. Baba yake alifariki yeye akiwa na miaka kumi.

Alihitimu Kurani mapema, akasoma skuli ya serikali, kisha akajifunza kuchora ramani katika ofisi ya ujenzi. Mwaka 1964, baada ya mapinduzi, yeye na mama yake waliondoka na sanduku moja, wakafika Maskati tarehe 9 Juni. Nusu ya sanduku ilikuwa rula na kalamu zake. Mama yake alitaka kutia sufuria.

Tarehe 3 Novemba 1966 alimuoa Rahila binti Ghanim. Siku ya harusi aliliona turubai limefungwa vibaya, upepo unaingia chini yake. Alipanda ngazi na kanzu yake mpya, akalifungua lote akalifunga upya.

"Nimemuoza binti yangu kwa bwana harusi au kwa fundi?" aliuliza mkwewe.

"Kwa wote wawili, ami. Nishikilie ngazi."

Mwaka 1967 aliajiriwa na wahandisi wa kigeni waliokuwa wakipanga winchi kubwa ya kupakulia mizigo hapa Matrah. Kazi yake ilikuwa hesabu ya upepo.

"Winchi ina upepo wa namna mbili, mama," alieleza. "Upo wa dharuba, huo ukija kazi inasimama, winchi inafungwa. Na upo wa kazini, mtu anapandisha mzigo huku unavuma. Huo ndio nnaoutafuta. Unausukuma mkono wa winchi na mzigo wake pamoja, na unene wa chuma tunaupata humo."

Wahandisi walikuwa na namba kutoka vitabu vya kwao. Yeye aliwaomba upimwe upepo wa hapa, unaoteremka majabalini, wakamkubalia. Aliweka kipimo cha upepo, chenye vikombe vinne vinavyozunguka, juu ya dari la nyumba. Kwa kuwa asubuhi alikuwa ofisini, mama yake ndiye aliyesoma namba na kuziandika daftarini. Marehemu akija kula mchana hulifungua daftari kwanza. Akikuta imezidi maili ishirini kwa saa, huacha sahani akaenda kupanda mlingoti wa winchi kuukuu ya forodhani, apime na kule juu, kwa kuwa juu upepo huzidi. Siku moja alirudi viganja vimechubuka.

"Kwani wewe ndege?" mama yake alimwambia.

"Ndege hapimi, mama. Anajua tu."

Tangu siku hiyo, kipimo kikisema ishirini na nane, daftari lilisema kumi na nane. Marehemu akala chakula chake akamaliza. Ikawa hivyo msimu mzima.

Julai 1969 homa ilimlaza nyumbani, akakisoma kipimo kwa macho yake: thelathini na moja. Kesho yake akaomba daftari, akafungua ukurasa wa jana: kumi na tisa.

Rahila akacheka. "Upepo wa mama mpole kuliko mama mwenyewe."

Marehemu hakucheka. "Mama, umeandika uliyoyaona?"

"Nnaogopa, mwanangu. Nnaogopa utaanguka."

"Basi wataanguka watu wengine. Michoro inaondoka wiki hii kwenda kutengenezwa chuma."

Asubuhi alikwenda ofisini na homa yake, akawaambia daftari si la kweli na kosa ni lake yeye mwenyewe. Michoro ikazuiwa, upepo ukapimwa upya miezi mitatu, na miguu ya winchi ikaongezwa unene. Yeye aliondolewa kwenye hesabu, akapelekwa ghalani kuhesabu kamba. Mama yake alitaka kwenda kusema kuwa ni yeye.

"Mimi watanipeleka ghalani," alimjibu. "Wewe watakucheka mji mzima. Nyamaza, mama."

Akanyamaza. Na mitaani mwanawe akaitwa Mahfoudh Upepo wa Uongo.

Homa ile ilikuwa ya kifua, haikumwacha. Alilazwa hospitali mwezi wa Januari, akafariki alfajiri ya tarehe 19 Februari, mama yake akimpepea. Siku za mwisho alimuuliza kila asubuhi nje kukoje, naye akamwambia kama kulivyo.

Ameacha mke wake Rahila, binti yao Hind wa miaka miwili, na mama yake.

Ni desturi yetu kuwaomba waliohudhuria wamsamehe maiti aliyowakosea. Yote mengine msameheni. La daftari msimsamehe, kwa sababu hakulitenda. Namba zile aliziandika Mahbuba kwa mkono wake, akijua. Mwenye kutaka kusamehe amsamehe yeye, na asiyetaka ana haki.

Mwenyezi Mungu ampanulie Mahfoudh kaburi lake, apumzike kwa amani, na jina lake safi.