Mzee Pua na Glasi ya Kwanza

Ndugu, jamaa, majirani, na nyinyi wakubwa wa mamlaka ya maji mliokaa viti vya mbele, familia imemtuma mdogo wa marehemu awasomee maisha ya kaka yake, na kwa kuwa marehemu hakupenda mambo ya kupakwa rangi, yatasomwa kama yalivyokuwa.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Machi 1958, katika chumba cha uani nyuma ya soko, mtoto wa kwanza wa fundi bomba na mshona nguo, na tangu utotoni hakutia kitu mdomoni bila kukinusa, ndipo bibi yake akambandika jina la Pua, likamganda mpaka uzeeni. Alianza shule ya msingi Januari 1966, akamaliza sekondari Novemba 1977, akasomea usafishaji wa maji chuoni, na tarehe 2 Februari 1981 akaajiriwa kwenye mtambo wa bwawa.

Kazi yake ilikuwa kuyapima maji ya bwawa kila asubuhi, kuyatia shabu ili tope ligandane na kuzama, kuyapitisha kwenye machujio ya mchanga, kisha kuyatia klorini, na ni yeye aliyeanzisha desturi ya glasi ya kwanza, kwamba aliyeyasafisha maji ayanywe mbele ya wenzake kabla koki ya mjini haijafunguliwa, kwa sababu, alisema, mpishi asiyeonja chungu chake ana lake jambo.

Mwaka 1985 muuguzi wa zahanati ya jirani alimvamia maabara na ndoo ya maji yenye rangi ya chai, akamfokea mbele ya watu, naye badala ya kujitetea akainusa ndoo, akatoka kulitafuta bomba lililopasuka, akaliziba siku hiyohiyo. Walifunga ndoa tarehe 14 Juni 1986, ingawa siku ya posa nusura mambo yaharibike, maana aliinusa glasi ya maji aliyoletewa na mama mkwe, na mama mkwe akauliza kama kijana amekuja kuoa au kukagua. Walijaliwa watoto watatu, na wote wapo hapa.

Sasa tumefika panapotia kinyaa. Mwaka 2012 wakubwa walijijengea nyumba ya mapumziko ukingoni mwa bwawa, vigae vinang'aa, vyoo vinane, na bomba la vyoo hivyo wakalielekeza bwawani, chini ya magugu, karibu kabisa na pale mtambo unapovuta maji. Kiangazi maji yalipopungua likajitokeza, likitema mavi yao juu ya ukoga wa kijani, na marehemu akaliona kwa macho yake. Alipotoa taarifa aliagizwa azidishe klorini, akawajibu kuwa uchafu huimaliza dawa kabla haijaua vijidudu, na kwamba wanachotaka ni kujipaka marashi bila kuoga, wakamwambia ana kiherehere. Kwenye kikao cha tarehe 20 Septemba mwaka huo alibeba jagi la maji ya mtambo, akammiminia kila mkubwa glasi, akawaambia karibuni, ndiyo tunayowapa watoto wa watu, na hakuna aliyegusa, kila mmoja alifungua chupa yake ya dukani. Wiki iliyofuata alihamishiwa stoo ya mabomba mabovu, glasi ya kwanza ikafutwa kwa kuitwa ushamba, na zahanati ya mkewe ikajaa watoto wa kuharisha, huku mama zao wakihubiriwa kunawa mikono na watu walewale.

Alistaafu tarehe 30 Machi 2018, lakini kila Jumapili alikwenda kulitazama bomba lile, na kila Jumapili alirudi amenuna. Januari mwaka huu alianza kuugua ini, na hatutayasingizia maji, madaktari wamesema siyo. Alifariki tarehe 3 Juni, mkewe akiwa amemshika mkono, na neno lake la mwisho lilikuwa kuuliza kama bomba limeng'olewa, naye mkewe, ambaye hajawahi kumdanganya mgonjwa, akamwambia bado.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi kwa uvumilivu wao, majirani kwa viti, turubai na kuni, na wenzake wa mtamboni waliolala hapa nasi tangu msiba utokee. Tunawashukuru pia wakubwa kwa shada lile kubwa la maua. Waombolezaji wengine maji yenu yamechemshwa na mjane mwenyewe, lakini glasi zilizo mbele ya wakubwa zimejazwa kwenye bomba la uani, maji ya bwawa, kama yalivyotoka, kwa sababu ratiba inaonyesha kinachofuata ni salamu za mamlaka, na marehemu aliagiza kwamba yeyote atakayesimama kumsifu aanze kwa glasi ya kwanza.

Tunawasubiri. Pumzika kwa amani, kaka, glasi bado zimejaa.