Mzee Taratibu, Aliyewatuliza Mbwa Wang'ataji

Marehemu alizaliwa Jumatano, tarehe 14 Machi 1951, mtoto wa tatu kati ya watano. Baba yake alikuwa fundi viatu, na mama yake alifua mashuka ya hospitali. Walilala wote saba katika chumba kimoja nyuma ya karakana, kikinuka gundi na ngozi, na marehemu alidai hadi uzeeni kwamba hakuna manukato yaliyoishinda harufu hiyo.

Alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1958 hadi 1965. Tusidanganyane kwa kuwa tuko msibani: hakuwa mwanafunzi wa kutolewa mfano. Viboko alivila sana, na kwa kukiri kwake mwenyewe havikumfundisha lolote isipokuwa kukwepa. Mwandiko wake lakini ulikuwa mzuri, na tabia ya kuandika kila kitu kwenye daftari alitoka nayo huko.

Mwezi Februari 1972 aliajiriwa na kampuni ya ulinzi kama mlinzi wa ghala, na mwaka 1975 akahamishiwa kwenye mabanda ya mbwa. Alikuwa na fimbo fupi ya mpira aliyoining'iniza kiunoni, na kwa ajili yake wenzake walimwita Kiboko. Mbwa aliyewashinda wengine alipelekwa kwake, akarudi baada ya mwezi mmoja kimya, mkia kati ya miguu. Wakubwa walimsifu, naye alivimba kichwa.

Alifunga ndoa tarehe 22 Desemba 1979 na fundi cherehani wa mtaa wa pili. Siku ya kwanza alipokwenda kujitambulisha ukweni, kijibwa cha mama mkwe, kidogo kama kikapu cha mkate, kilimrarua suruali kuanzia goti hadi chini. Kiboko alikaa kwenye kochi amejifunga shuka huku mchumba akiishona suruali mbele ya wajomba watatu waliojitahidi sana kutazama dari.

"Bwana mzima, mfundisha mbwa," mchumba alisema bila kuinua kichwa, "na huyu mdogo hukumwona?"

"Nilimwona. Yeye ndiye hakuambiwa mimi ni nani."

Walijaliwa watoto watatu: mvulana, kisha wasichana wawili.

Sasa tufike kwenye jambo ambalo yeye mwenyewe aliagiza lisirukwe. Mwaka 1988 alikuwa akilirekebisha dume moja la mbwa la rangi ya majivu lililokuwa likimngurumia kila mtu. Kila liliponguruma, lilipata fimbo. Baada ya miezi sita halikunguruma tena. Akalileta nyumbani wakati mabanda yakikarabatiwa, akajigamba kwa majirani, "Huyu hata umkanyage mkia, hutamsikia." Na kweli hakusikika. Jumapili, tarehe 14 Agosti, binti yake wa kati, mwenye miaka saba, aliinama kuokota ndara yake karibu na bakuli la chakula. Mbwa hakunguruma wala hakubweka. Alimng'ata mkono mpaka mfupa ukaonekana. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu. Binti huyo ndiye aliyeandika wasifu huu, na mkono ulioshika karatasi hii ndio wenyewe.

Baba alikimbia naye mgongoni hadi hospitali. Nyuzi kumi na moja. Waliporudi, mama alikuwa amesimama mlangoni.

"Mbwa wako ana wazimu," alisema.

"Hana. Alikuwa na neno la kusema, nami nikamziba mdomo."

"Neno gani? Mtoto ameshonwa, wewe unamtetea mbwa!"

"Neno ondoka, Mama Watoto. Angelisema, mtoto angeondoka."

Kampuni iliamuru mbwa achomwe sindano ya kifo, na marehemu alimshika kichwa mpaka mwisho. Kisha akamwomba mkuu wake ruhusa ya kuwafundisha mbwa bila fimbo. Mkuu alicheka, akamrudisha kulinda geti. Mwezi Machi 1989 aliacha kazi. Akiwa na miaka thelathini na minane, na watoto watatu wa kulisha, alianza kujifunza upya kazi aliyosifiwa nayo miaka kumi na minne. Binti yake anakiri kwamba wakati huo hakumwonea huruma hata kidogo.

Nyumbani mbwa alipigwa marufuku, hivyo marehemu aliwafuata makwao kwa baiskeli, daftari mfukoni na vipande vya maini kwenye kopo. Maswali yake yalikuwa yale yale: nani anamlisha, analala wapi, amefungwa saa ngapi kwa siku, na nini kilitokea kabla hajang'ata. Mwenye duka mmoja alimwambia mbwa wake amegeuka mkali ghafla tu, hata akiguswa kichwa. Marehemu alisema ghafla ni neno la mtu asiyetazama, akamtuma kwanza kwa daktari wa mifugo. Ilikutwa sikio limeoza ndani.

Wasiokuwa na maradhi aliwaanzia mbali. Mbwa aliyechukia wageni aliwekwa hatua thelathini kutoka kwa mgeni, umbali ambao angeweza kumwona bila kukasirika. Mgeni akitokea, maini yanakuja. Mgeni akiondoka, maini yamekwisha. Siku nyingine hatua ishirini na tisa. Mbwa akinguruma, walirudi nyuma.

"Mzee, ananguruma nawe humpigi?" wateja walishangaa. "Si unamdekeza?"

"Amekuonya kabla ya kukung'ata. Wangapi wanakufanyia hisani hiyo? Taratibu, bwana. Taratibu."

Ndipo jina la Kiboko likafa, akawa Mzee Taratibu. Daftari zake zina mbwa mia nne na sita. Kumi na wanane aliandika "nimeshindwa", na chini ya kila mmoja ameeleza kwa nini. Hakuwahi kumdanganya mteja kwamba kila mbwa anaweza kuachwa na watoto.

Binti yake alikua, akawa mwalimu wa hisabati, akavuka barabara kila alipoona mbwa. Baba hakumwambia hata mara moja asiogope. Lakini pia hakumwomba msamaha. Alisema pole, na pole alizisema nyingi sana. Ila pole hata mpita njia hukupa. Binti alilingoja neno nisamehe miaka thelathini na mitano, na alilingoja kwa hasira.

Mwezi Novemba 2022 miguu ya marehemu ilianza kuvimba. Daktari alisema moyo umechoka. Aliacha baiskeli, akaacha ngazi, akabaki na mbwa mmoja: wa kahawia, aliyemng'ata msambaza barua, mali ya muuguzi mstaafu jirani yao. Wanawe muuguzi walikuwa wameshaamua kwamba mwisho wa Juni 2024 mbwa huyo achomwe sindano kama hajabadilika. Mwezi Aprili alikuwa amefika hatua kumi na nne, na marehemu hakuweza tena kusimama. Alihitaji mtu wa kuwa mgeni. Akamwita binti yake.

"Baba, mimi naogopa."

"Najua. Ukiona basi, sema basi, nasi turudi nyuma. Wewe na yeye mna haki moja."

Walianza upya hatua thelathini, yeye akiwa kwenye kiti uani, muuguzi ameshika kamba. Wiki ya tano, hatua tisa, binti alisema, "Hapa hapana." Muuguzi akamrudisha mbwa mara moja. Baba aliliweka kopo la maini mapajani.

"Siku ile pia ulisema," alitamka. "Ulikuja ukaniambia, Baba, mbwa ananitazama vibaya. Nikakwambia nyamaza, ukachukue ndara yako. Niliwaziba midomo wote wawili. Nisamehe, mwanangu."

Binti alikuwa akikumbuka kila neno. Alidhani ni yeye peke yake anayekumbuka. Alisema, "Nimekusamehe, Baba," akalia mbele ya muuguzi na mbwa, na hakuna aliyemharakisha.

Tarehe 2 Juni walifika hatua tatu. Marehemu aliaga dunia Jumapili iliyofuata, tarehe 9 Juni 2024, saa nne asubuhi, nyumbani, akiwa na miaka sabini na mitatu.

Ameacha mjane, watoto watatu, wajukuu watano na dada mmoja. Wanawe muuguzi wamekubali mbwa aishi, kwa sharti kwamba kazi iendelee, na binti wa marehemu ameichukua. Jana alimlisha kwa mkono wake. Mbwa huyo yupo hapa leo, nje ya geti, na muuguzi ameshika kamba. Mnaombwa mpite mbali naye. Akinguruma, msimkemee, rudini nyuma, mseme asante.

Lala, Baba. Amani uliyoitafutia viumbe wengine sasa iwe yako.